Jina la Mashine ya Pili

Kambale Siméon, mwenzangu wa bureau hapa Butembo, ni mutu wa kichwa nguvu, na njo vile ninamupenda. Leo tulijaribu wingu jipya la koperative, yaani seva tulizofunga sisi wenyewe, kwa kuwasha ndani yake ordinateur isiyo na mwili, kompyuta ya programu tupu. Akaiita Paluku, kama mutoto mwanaume wa kwanza kwetu Banande. Wa pili njo Kambale. Mashine ile Paluku ikakwama, akaifuta. Ya pili ikawaka vizuri.

"Iite Paluku," nikamuambia.

"Hapana, Issaka. Hii ni Kambale."

"Mais Paluku ulishamufuta! Mashine ina ukoo gani?"

Akaandika Kambale, pole pole, bila kunitazama.

"Paluku wetu, kaka yangu mukubwa, hakufika hata kwenye ubatizo," akasema. "Mama hakunipa jina lake."