Mkungu wa Lengo la Tatu

Harufu ya maharage yaliyoshika chini ya sufuria ilikuwa ikitufikia darasani kabla kengele ya mchana haijagongwa. Jiko la shule yetu lilikuwa banda la mabati nyuma ya madarasa ya kidato cha pili, na upepo wa ziwani ulipovuma ulisukuma moshi wote madirishani kwetu, tukawa tunanakili ubaoni huku machozi yanatutoka. Wenzangu walikuwa wakiziba pua. Mimi niliivuta ile harufu kwa hamu, na si kwa sababu ya njaa tu. Kwangu maharage yale yalikuwa na maana moja: nikila shuleni, sina sababu ya kurudi nyumbani mchana, na nisiporudi nyumbani nitasoma hesabu. Ilikuwa shule kubwa ya kutwa pale Bukoba mjini, imejaa watoto kiasi kwamba mwalimu angeweza kukufundisha mwaka mzima asijue unaitwa nani. Ukikosekana mchana hakuna aliyekuulizia.

Kwetu ni Kamachumu, wilaya ya Muleba. Nilipofaulu darasa la saba nilipangiwa shule hiyo ya mjini, na Tata, yaani baba yangu, akanipeleka kwa dada yake aliyekuwa akiishi Buhembe. Tulipoagana aliniambia, "Kemi, ukianguka mtihani wa kidato cha pili, rudi tulime. Sitakugombeza." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitia hofu, kwa sababu baba yangu alipopiga kelele alikuwa hajaamua bado. Shangazi alikuwa mwanamke wa kazi, kanisani kila Jumapili na sokoni siku zote zilizobaki. Binti yake alikuwa ameenda kisiwani Bumbire kwenye biashara ya dagaa akamwachia mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, Koku. Ikifika mchana Shangazi alitaka kwenda sokoni na beseni lake la mboga, na mtu wa kubaki na Koku nilikuwa mimi. Yeye hakuita hivyo. Aliita kuja kula. "Mchana uje ule," aliniambia kila asubuhi, kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani. Nilikuja, nikala ndizi zake, ambazo kusema kweli zilikuwa tamu, naye akajitwisha beseni akaondoka. Hesabu na fizikia zilikuwa vipindi vya mchana. Katika hesabu nilikuwa sijui hata nisichokijua ni kipi.

Mwaka nilipoingia kidato cha pili tuliletewa mkuu wa shule mpya, Mwalimu Masanja, Msukuma mrefu mwenye viatu visivyopata vumbi. Hakukaa hata muhula akaitisha walimu na kamati ya wazazi, wakajifungia maktaba, wakatoka na malengo ya kuinua shule. Fundi rangi akayaandika kwa herufi kubwa za buluu kwenye ukuta unaotazama uwanja wa paredi. La kwanza: Hakuna ziro. La pili: Hakuna kuchelewa. La tatu: Kila mwanafunzi ale shuleni mchana. Mwalimu Masanja alieleza kwamba watoto wanaotoka mchana nusu yao hawarudi, na asiyerudi hawezi kufaulu, kwa hiyo lengo la tatu ndilo mama wa yale mawili. Nilisimama pale paredini nikasikia mwili unasisimka. Nilijua fika kwamba mtu yule hanijui, lakini alikuwa anazungumza habari zangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Shangazi kwamba sasa ni amri, tunakula shuleni. Alinitazama, akauliza, "Mnakula nini?" Nikasema ugali na maharage. Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

Hapo ndipo mpango wa Mwalimu Masanja ulipokwama, na ungekwama hapa kwetu tu. Kwao ugali ni chakula. Kwetu, wakati ule, chakula kilikuwa ndizi, na vingine vyote vilikuwa vitu vya kushikilia tumbo mpaka ndizi ziive. Mhaya angeweza kula sahani nzima ya ugali kisha akakuambia tangu asubuhi hajala, na asiwe mwongo. Wazazi hawakugoma hata kidogo. Kila mmoja alileta debe lake la mahindi na maharage kama alivyoagizwa, wakashukuru, wakaondoka. Stoo ikajaa mpaka mlangoni. Mwalimu Masanja alipotazama stoo aliona lengo la tatu limetimia, na alilisema paredini kwa furaha. Lakini kengele ya mchana ikigongwa, shule ilitoka getini kama kawaida kwenda kula nyumbani. Akafunga geti, wakaruka ua. Akaweka walimu kwenye ua, wanafunzi wakakaa mbele ya sahani wakiuchokoa ugali kwa kidole, kisha wakasema wanaumwa tumbo. Sisi tuliobaki tukala kwa hiari tulikuwa wachache, wengi wetu watoto waliotoka mikoa mingine, pamoja na mimi. Nilibaki siku za mwanzo, nikaanza kuelewa hesabu kidogo. Halafu Shangazi akamtuma mtoto wa jirani aje aniite. Akamtuma tena. Mwishowe nikaacha kubishana, nikarudi kwa Koku.

Mkutano wa wazazi ukaitishwa, na wanafunzi wa kidato cha pili na cha nne tukaambiwa tuwepo. Tulikaa chini pembeni, wazazi kwenye madawati yaliyotolewa nje, kibakuli cha kahawa ya kutafuna kikizunguka mikononi mwao. Mwalimu Masanja alisema kwa masikitiko kwamba mahindi yanaliwa na panya na watoto hawasomi mchana. Wazazi walisikiliza kwa adabu. Kisha Shangazi akainuka, akavuta kitenge chake begani. "Mwalimu, waitu, tunakuheshimu," alisema. "Lakini mtoto hasomi na njaa. Huyu wangu ugali haumpandi. Mimi namwita nyumbani ale chakula, ashibe. Nimekosa nini?" Watu wakaitikia kwa vichwa, wengine wakapiga makofi. Nilimwangalia Shangazi akikaa, ameridhika kabisa, na nikahisi hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mtu mkubwa. Mtihani ulikuwa unakaribia. Nilikuwa naiona Kamachumu na jembe.

Mwalimu Masanja akauliza kama kuna mwanafunzi mwenye neno. Nadhani aliuliza kwa kutimiza wajibu tu, maana kwetu mtoto hasimami kwenye kikao cha wakubwa, sembuse kumpinga aliyemlea. Nilisimama. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mimi nakula ugali," nilisema. "Naupenda na unanishibisha. Naomba niachwe nibaki shuleni mchana, nisome hesabu." Kisha nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja nyuma alisema "Mawe", yaani "mama yangu" kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyepita mahali akakuta msiba. Shangazi hakugeuka kunitazama. Alikuwa anatafuna kahawa yake polepole, akitazama ukuta wenye yale malengo.

Tulitembea kurudi Buhembe, yeye mbele mimi nyuma. Nilijiandaa kwa kipigo, hakikuja. Alipika, akanipakulia kama kawaida, akamlaza Koku, akaenda kusali. Usiku huo nilipanga nguo zangu kwenye mfuko, kwa sababu niliamini asubuhi nitarudishwa Muleba. Asubuhi nilimkuta ameshaingia shambani, kwenye kibanja chake cha migomba nyuma ya nyumba, anakata mkungu mkubwa kuliko yote, ule aliokuwa akiutunza kwa ajili ya wageni wa Krismasi. Akamfunga Koku mgongoni, akajitwisha mkungu, akaanza kushuka njia ya shuleni. Mimi nikafuata nyuma na daftari zangu. Alipofika aliuweka mkungu mlangoni pa ofisi ya mkuu wa shule, akajifuta jasho, akasema, "Mwalimu, mtoto wa nyumba yangu hawezi kusimama mbele ya watu akasema anashiba ugali, wakati ndizi ninazo. Pikeni hizi." Akaondoka na Koku wake kwenda sokoni.

Habari zilifika Buhembe yote kabla ya jua kupanda. Majirani waliokuwa kwenye mkutano walielewa kilichotokea: Shangazi amefedheheshwa na mtoto, amejikomboa kwa mkungu. Na kama yeye amepeleka, wao watoto wao wanakula nini? Wiki hiyohiyo mikungu ikaanza kuingia getini kichwani mwa akina mama na kwenye baiskeli za akina baba, kila mmoja akihakikisha wake ni mkubwa kuliko wa aliyemtangulia. Mwalimu Masanja hakujua afanye nini nayo. Mara ya kwanza walituingiza wanafunzi kazini kumenya, tukaingia darasani na vidole vyeusi kwa utomvu, tukachafua madaftari, walimu wakalalamika. Ndipo akina mama wakagawana zamu wenyewe. Walikaa nje ya jiko na visu vyao wakimenya na kusengenya, ndizi zikapikwa pamoja na maharage, sufuria ikafunikwa kwa majani ya mgomba. Ile harufu ilipoingia madirishani hakuna aliyeziba pua tena. Mchana shule haikutoka. Mwalimu Masanja naye akaanza kula pale, mwanzoni kwa kuonyesha mfano, baadaye akiomba aongezewe.

Nilibaki kila mchana. Mwalimu wa hesabu alinijua jina, akanikazania kweli kweli. Nilifaulu, si kwa kishindo, lakini nilifaulu, na Tata alipoletewa habari alisema tu, "Basi endelea." Shangazi na mimi hatukuuzungumzia mkutano ule kamwe. Mimi niliamini kwamba hakunisikia. Niliamini sikio lake lilikamata neno ugali tu, aibu ya ugali, na kwamba ilitokea bahati aibu hiyo ikanisaidia. Niliishi na imani hiyo miaka mingi, na nikiwasimulia watu niliisimulia kama kichekesho.

Sasa na mimi ni mwalimu katika shule kubwa hapo hapo mjini, na mwezi uliopita tulikaa kupanga malengo. Siku hizi hatumwiti fundi rangi. Tunaonyeshana kwa projekta, kila lengo lina kiashiria chake na mtu wa kuwajibika. Chakula si tatizo tena. Ugonjwa wa mnyauko umeitafuna migomba ya watu wengi, ndizi zimekuwa ghali, na watoto wa Kihaya wanakula ugali na wali bila kuuliza. Wazazi wanachangia kwa simu. Hata hivyo madawati ya mchana yana mapengo. Mwenzangu mmoja alipendekeza geti lifungwe. Nilisema kwanza tujue kila asiyerudi anaitwa na nani, na kwa kazi gani. Walinitazama kama ninachelewesha kikao, lakini wakaandika.

Jumapili yake nilikwenda Buhembe kumwona Shangazi. Macho yamepungua nguvu, kibanja kimebaki na migomba ya kuhesabika, Koku ana watoto wake. Nilimsimulia kikao, na kwa mara ya kwanza nikamtania kuhusu ule ugali, kwamba siku ile alisikia neno moja tu. Hakucheka. "Nilisikia yote," alisema. "Ulisema uachwe usome. Nilijua ni mimi niliyekushika. Sasa ningesimama pale mbele ya watu niseme nini? Mkungu niliweza kuubeba. Maneno hayo nisingeweza." Nikakumbuka Koku mgongoni mwake asubuhi ile, akienda naye sokoni, na siku zote zilizofuata, jambo ambalo nililiona nisiulize.

Akaniuliza, "Hao wa kwako wasiorudi mchana, nani anawaita?"

Nikamwambia bado hatujajua, lakini nadhani ni watu wanaowapenda.

Akanionyesha kwa kidevu mgomba uliokuwa karibu na jiko, wenye mkungu pekee uliokomaa. "Ukienda kuzungumza nao," alisema, "usiende mikono mitupu. Kata ule."