Somo Alilomkatalia Ivy

Ivy alipomwambia mama yake kwamba anataka kuacha hesabu asome habari za Wagiriki na Warumi wa kale, Everlyn alidhani mtoto anatania. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, anakatakata sukuma wiki kwenye jiko walilotumia pamoja na wapangaji wenzao pale Bur Dubai. Alicheka. Kisha akamtazama binti yake usoni, akaona hacheki.

"Wagiriki gani? Wale waliokufa?"

"Wote walikufa, Mama. Ndiyo maana linaitwa somo la kale."

"Basi waache wapumzike."

Ivy alikuwa na miaka kumi na saba, na mtihani wa mwisho wa shule ulikuwa umebakiza mwaka mmoja tu. Wenzake waliochagua somo hilo walikuwa wamekwenda mbali. Lakini mwalimu wao, Sir Irshad, Mwingereza mwenye asili ya Pakistani aliyekuwa na mvi hata kwenye nyusi, alikubali kumpokea hivyo hivyo kwa kuchelewa, na kumfidia yaliyompita wakati wa mapumziko ya mchana. Kilichotakiwa ni mzazi kukubali, na Everlyn hakukubali.

Hakuwa mama katili. Alikuwa mama aliyechoka. Alitoka Webuye, Kenya, akiwa mjane kijana, akamwacha Ivy kwa bibi yake, akaja Dubai kufanya kazi za nyumbani kwenye jumba moja la Al Warqa. Akafua, akapika, akalea watoto wa watu kwa miaka sita. Baadaye akapata kazi ya mapokezi katika shule moja ya mtaala wa Kiingereza, na kwa kuwa watoto wa wafanyakazi walipunguziwa karo, akamleta binti yake wakae pamoja. Kwa macho yake, mlango ule ulikuwa umefunguliwa kwa jambo moja tu: Ivy asome sayansi, avae koti jeupe, asije akashika ufagio wa mtu.

"Mimi sikuvuka bahari ili usome makaburi ya Wazungu," alimwambia. "Utakula nini? Utawapima Wagiriki presha?"

Wazee husema mtoto akililia wembe mpe. Everlyn alikuwa wa kuuficha wembe, na ala yake pia. Ivy hakubishana. Aliinama, akaokota majani ya sukuma yaliyoanguka sakafuni, akasema, "Sawa, Mama." Hakulitaja tena somo lile. Hesabu akaipita, baiolojia akaipita, akarudi Kenya kusomea uuguzi, akaajiriwa katika hospitali moja ya Nakuru. Koti jeupe lilipatikana. Picha yake akiwa amelivaa Everlyn aliibandika mezani pake pale mapokezi, na kila mzazi aliyeuliza aliambiwa, "Huyo ni wangu."

Lakini simu zilikuwa fupi. Ivy alikuwa mtu wa "niko sawa" na "nitakupigia." Everlyn alijiambia ni uchovu wa zamu.

Ikafika siku Sir Irshad alisimama mezani pale akisubiri ufunguo wa darasa, akaiona ile picha.

"Huyu si Ivy?" akauliza. "Anaendeleaje?"

"Ni muuguzi sasa, Sir. Mungu ni mwema."

"Vizuri. Vizuri sana." Akaiangalia tena. "Unajua, katika miaka yangu yote ya kufundisha, sijawahi kupata mwanafunzi aliyeniuliza swali kama lile lake."

"Swali gani?"

Mwalimu akaeleza. Kabla Ivy hajakataliwa, alikuwa ameingia darasani kwake mara chache kusikiliza. Siku moja mwalimu aliwaonyesha wanafunzi picha ya jiwe la kaburi kutoka Athene. Juu ya jiwe amechongwa bibi mwenye nyumba, ameketi kitini, na mbele yake amesimama mjakazi, amemshikia kisanduku cha vito. Jina la bibi limechongwa juu kabisa. La mjakazi halipo.

"Darasa zima waliandika habari za vito na mikunjo ya nguo," Sir Irshad akasema. "Ivy akauliza, huyu aliyesimama alikuwa anaitwa nani? Nikamwambia hatujui. Akasema, bila shaka yeye mwenyewe alikuwa anajua. Kisha akaniambia jambo kuhusu wewe. Samahani, labda haikuwa haki yangu kulitaja."

"Litaje, Sir."

"Alisema ulipokuwa kazi za ndani walikuita Mary."

Ilikuwa kweli. Madam wa Al Warqa alikuwa na mfanyakazi aliyeitwa Mary, na Mary alipoondoka madam hakuona haja ya kujifunza jina jingine. Kwa miaka sita Everlyn aliitika jina la mwanamke asiyemfahamu. Hakumsimulia mtu. Lakini sasa alikumbuka jinsi alivyokuwa akipiga simu Webuye, na katikati ya mazungumzo sauti inaita kutoka sebuleni, "Mary! Yalla, Mary!" naye anajibu, "Yes, madam." Na katoto upande wa pili kanauliza, "Mama, Mary ni nani?" naye anakata simu.

Kumbe mtoto alibaki na swali lake miaka yote ile. Alikuwa amepata mahali pa kuliuliza, na mama yake akapafunga kwa kicheko, kisu cha sukuma mkononi.

Wiki ile Everlyn hakula vizuri. Joanita, Mganda aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, alimwuliza kama ana homa. Mwisho wa wiki alimwendea Sir Irshad akamwuliza kama mtu mzima anaweza kufanya mtihani wa somo lile.

"Anaweza, kama mtahiniwa wa nje. Lakini kwa nini?"

"Nataka kujua alichokuwa anakitaka mtoto wangu."

"Umechelewa sana kuanza," mwalimu akasema, si kwa kumkatisha tamaa. "Njoo saa ya chakula cha mchana."

Basi mama wa miaka arobaini na minane akaanza kula ndizi na mkate mbele ya picha za mahekalu. Kichwa kilikuwa kigumu kama jiwe la kusagia. Majina ya miungu yalimponyoka na nguzo zote zilifanana machoni pake. Aliandika insha ikarudi imejaa wino mwekundu, akaandika nyingine nayo ikarudi hivyo hivyo. Wafanyakazi wenzake walimwita "Profesa," na hawakuwa wakimsifu. Joanita alimwuliza, "Dada, hiyo karatasi itakuongezea mshahara?" Akasema hapana. "Sasa?" Everlyn akafungua kitabu chake; swali lilikuwa lile lile alilomwuliza Ivy jikoni.

Lakini kulikuwa na siku somo lilimshika. Alisoma habari za wanawake wa Athene, jinsi walivyofungiwa ndani, na jinsi wajakazi wao ndio waliozijua njia na visima vya mji. Alicheka peke yake, kwa maana aliijua hali hiyo. Siku hizo alitamani kumpigia Ivy amwambie. Hakupiga. Alitaka kwanza afaulu, aje na kitu mkononi.

Alifanya mtihani mwezi wa Mei, katika ukumbi wenye baridi ya kiyoyozi, akiwa amezungukwa na vijana ambao angeweza kuwazaa wote. Matokeo yakatoka Agosti: amefaulu kwa alama ya C. Sir Irshad alimpa mkono, akamwambia kuwa mwaka ujao somo lenyewe halitakuwepo tena shuleni, wanafunzi wamekuwa wachache mno, naye anarudi kwao.

Jioni hiyo alimpigia binti yake. Akamweleza yote: Sir Irshad, jiwe la kaburi, mjakazi, Mary, mtihani. Alizungumza kwa mfululizo kama anayeogopa kukatwa.

"Ivy? Uko?"

"Niko. Hongera, Mama."

"Nilitaka tuzungumze. Sasa najua ulichokuwa unakisema."

"Mama, ungeniuliza tu." Sauti ya Ivy haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. "Nilikuwa hapo hapo jikoni. Ungeniuliza ni kitu gani, ningekuambia. Hukuhitaji mtihani."

"Nilikosea, mwanangu. Nisamehe."

"Nilishakusamehe kitambo. Hata kazi yangu naipenda. Lakini yale mambo... siyakumbuki tena. Ukiniuliza leo habari za lile jiwe, sina la kukuambia. Niliyaacha ili nisiumie." Mtu akamwita kwa nyuma. "Narudi wodini. Tutaongea."

Everlyn alibaki na simu mkononi. Kichwani alikuwa na mahekalu, makaburi na sheria za Athene, na yule pekee aliyekusanyiwa vitu vyote hivyo hakuwa na pa kuviweka. Alilia kidogo, Joanita akampa maji bila kuuliza.

Wiki chache zikapita ndipo Ivy alipotuma ujumbe. Alisema viatu vyeupe vya kazi anavyopata Nakuru vinamkata visigino, kama mama angeweza kumtafutia vizuri huko. Everlyn alivuka kwa abra, ile mashua ya abiria, siku hiyo hiyo hadi Deira, akaenda duka hadi duka akikunja soli na kupapasa kitambaa cha ndani. Alipata jozi moja laini, nyepesi, nzuri kabisa.

"Namba ngapi, madam?" mwenye duka akauliza.

Mara ya mwisho Everlyn kumnunulia Ivy viatu, vilikuwa vya shule. Akamwomba mwenye duka amwekee jozi ile pembeni, akatoka hadi mlangoni, akampigia binti yake simu kumwuliza.