Kikao Nilichokipikia

Mume wangu alipofariki sikufikiria mirathi hata kidogo. Kwangu mirathi ilikuwa ya watu wenye maghorofa na wake watatu. Sisi tulikuwa na nyumba moja tu Buswelu, vyumba vitatu, na tofali zake nilizimwagilia maji mimi, asubuhi kabla ya kwenda kuuza dagaa Mwaloni na jioni nikirudi. Hati ilikuwa na jina la marehemu peke yake. Nikajiambia: mke ni mimi, nyumba ni yangu, mahakama ya nini?

Jibu nililipata ofisi ya ardhi, nilipopeleka cheti cha ndoa na cheti cha kifo ili jina libadilishwe. Karani, binti mpole, alinipa pole kwanza. "Mama, hata mke hawezi kubadilisha jina hivihivi. Lazima mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Ukoo ukae, umpendekeze mtu, muhtasari wa kikao mpeleke mahakamani."

Nilicheka kwa uchungu, maana kikao kilishafanyika, nami nilidhani ni maneno ya msibani tu. Siku ya kumaliza msiba, ng'ambo ya kivuko cha Busisi kwa wakwe zangu, ukoo ulikaa sebuleni ukampendekeza shemeji, mdogo wa marehemu. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa watu arobaini. Uamuzi niliusikia nilipoingia na maji ya kunawa. Nikainama, nikawanawisha mmoja mmoja, shemeji naye. Hasira niliyokuwa nayo ingechemsha sufuria ile ya ugali bila kuni.

Shemeji si mtu mbaya. Lakini alishaanza kusema kwamba nyumba ya Buswelu ina chumba kitakachomfaa mwanawe anayetaka kuoa. Niliogopa. Leo chumba, kesho sebule, keshokutwa naambiwa nirudi kwetu.

Mimi na shemeji tulikwenda mahakamani pamoja, yeye kashika muhtasari wa kikao. Hakimu alisoma majina ya waliohudhuria, akarudia tena kutoka juu.

"Mjane alikuwa wapi?"

Shemeji akajibu bila hila yoyote, "Alikuwepo, mheshimiwa. Yeye ndiye aliyetupikia."

Hakimu akamrudishia karatasi. "Kakaeni upya. Na mjane akae."

Basi tukavuka tena kwenda kwa wakwe. Nilipofika, nilijifunga kanga kiunoni na miguu ikanipeleka jikoni yenyewe. Mazoea yana taabu. Mama mkwe alinishika mkono mlangoni. Tangu niolewe, mama huyu hakuwahi kunisifu hata kwa kikombe cha chai.

"Kaa chini, mkamwana."

"Na chakula, mama?"

"Watavumilia. Baba yao alipofariki, nilipika mimi. Nilipotoka na wali, shamba lilishapata mwenyewe."

Akaniketisha mkekani kando yake. Katibu alipouliza nani anapendekezwa, aliyetangulia kunitaja ni yeye. Shemeji alimtazama mama yake, akatazama miguu yake mwenyewe, kisha polepole akanyoosha mkono kuunga. Siku ile tulikula saa kumi, na hakuna aliyekufa kwa njaa.

Karatasi ya mahudhurio ilipopita, nilitia sahihi. Mama mkwe hajui kuandika. Alichovya kidole gumba kwenye wino, akakigandamiza chini ya jina langu, na hakukiondoa mpaka katibu alipomwambia, "Mama, inatosha."