Subsidence Si Ruzuku

Nafundisha Kiingereza katika sekondari moja mjini Dodoma. Msimu wa mvua uliopita nilikwenda Gulwe kumsalimu baba mdogo, nikamkuta amechangamka kuliko kawaida. Shikamoo yangu haijaisha mdomoni, akanivuta uani.

"Marahaba, mwanangu. Wataalamu wawili wamepita hapa leo, wamepima ardhi mpaka nyuma ya jiko. Walikuwa wakisemezana Kiingereza. Nimewasikia mwenyewe: subsidy. Ruzuku ya mbolea inakuja!"

Neno hilo alilijua kutoka mikutano ya pembejeo, na majirani alikwisha kuwatangazia. Mama mdogo alikuwa akishindilia udongo kwenye ufa uliotokea upande wa mtoni na kupita chini ya jiko.

"Jana niliujaza," aliniambia. "Leo umefunguka tena."

Niliwafuata wale wataalamu, nikawakuta karibu na reli wakipakia vifaa vyao. Nikawauliza kuhusu ruzuku. Mmoja alinitazama, wala hakucheka.

"Tulisema subsidence. Ardhi inadidimia, mto unaila kwa chini. Mwenyekiti wa kijiji tumeshamweleza. Yule mzee ni wako? Mhamishe."

Nikarudi kumweleza baba mdogo: subsidy ni serikali kukupunguzia bei, subsidence ni ardhi kushuka ukiwa umesimama juu yake.

"Maneno yaanze pamoja, halafu yaachane hivyo? Umesikia vibaya."

"Nimewauliza wenyewe, baba."

"Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu. Siendi popote."

Mchana ule milima ya upande wa Mpwapwa ikawa nyeusi. Pale kwetu halikudondoka hata tone, lakini mto ulianza kujaa maji mekundu. Mama mdogo akaenda kufunga mlango wa nyuma, ukagoma. Fremu ilikuwa imekaa upande. Akajaribu tena, akauacha, akaanza kufunga nguo kwenye kanga.

"Mimi natoka," alimwambia mumewe. "Wewe baki na ruzuku yako."

Ndipo baba mdogo akainuka.

Tulilala kwa jamaa, ng'ambo ya reli, kwenye mwinuko. Kulipokucha jiko halikuwepo, na nusu ya nyumba ilikuwa imeinamia shimo. Hakuna aliyesikia kishindo.

Siku hizi wanaishi kwangu Dodoma. Wingu likifunga, baba mdogo hutoka na kuizunguka nyumba yangu taratibu, akiinama kutazama msingi. Nikimuuliza anatafuta nini, husema tu, "Ingia ndani, mwanangu," naye hubaki nje.