Medius na Manukato ya Kila Siku

Medius huuza manukato kwenye meza ndogo sokoni Bwera, na mwenyewe hujipulizia kabla hata ya kunywa chai. Huku kwetu mpakani mwa Uganda na Kongo wanunuzi wengi wanataka harufu kali, ile inayomtangulia mtu kufika msibani na kubaki baada ya yeye kuondoka. Siku za Jumapili yeye ndiye mwimbaji mkuu wa kwaya yetu kanisani, na hakuna sauti nyingine milimani inayonitoa machozi kama yake. Nasema hivyo, nami si mtu wa kusifu ovyo.

Kiongozi wetu, Mwalimu Ezironi, ni mkulima wa kahawa mwenye pua kali na huruma kidogo. Mashindano ya kwaya ya Kasese yalipokaribia, tulikuwa mazoezini, waimbaji wawili wamejipaka mafuta ya udi. Mwalimu akapaliwa katikati ya wimbo, akakohoa mpaka machozi. Hapo hapo akapiga marufuku manukato yote.

"Na weye Medius ndiye unatuuzia hii sumu," akasema. "Ukikuja unanukia tena, ule ubeti wa kuimba peke yako nitapatia Enid."

Niliudhika. Enid ni rafiki yangu, lakini kwenye ubeti ule sauti yake hukwama kama lori la saruji kwenye tope.

 Njiani Medius akaniambia, "Kuimba siachi. Kunukia pia siachi." Basi tukapanda gari mpaka Kasese mjini, kwa Saudah, mfanyabiashara anayemletea mzigo kutoka Kampala. Saudah alifungua chupa ya rangi ya waridi, akampulizia mkononi.

"Jaribu hii, dada. Iko na pasheni na maua meupe. Hii si ya harusi, ni ya kila siku. Haisumbui mutu."

Nami nikanusa. Kwanza lilikuja tunda lililokatwa sasa hivi, halafu ua. Nikajikuta nacheka bila sababu. Hata hivyo niliogopa, nikamwambia Medius kwamba pua ya Mwalimu itamkamata.

"Inikamate," akasema, akainunua.

Jumamosi, siku ya mazoezi, Mwalimu alisimama mlangoni mwa kanisa akitunusa mmoja mmoja, utadhani askari wa forodha pale mpakani Mpondwe. Medius alipofika mbele yake, Mwalimu alinusa, akainua kichwa, akanusa tena. Uso ukambadilika. Nikajua tumempoteza mwimbaji.

Kumbe! Alimpita Medius kama hamwoni, akatoka mbio kuelekea shamba lake la kahawa, nyuma ya kanisa. Tukamfuata. Ulikuwa wakati wa kuchuma, matunda yameiva mekundu, naye alikuwa akipinda tawi baada ya tawi, jasho linamtiririka.

"Kahawa imetoa maua!" alilia. "Wakati huu! Wachumaji watayapukutisha yote! Mwaka ujao tutakula nini?"

Wakulima wote kwenye kwaya walishtuka, maana hilo si jambo la mzaha. Wakaingia shambani kukagua naye. Hawakuona ua jeupe hata moja.

"Lakini harufu naisikia! Iko hapa hapa!"

"Ni mimi, Mwalimu," akasema Medius. "Iko kwa shingo yangu."

Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa mimi, na mimi nilicheka mpaka nikashika mti. Mwalimu alimsogelea Medius, akavuta pumzi taratibu, akafumba macho. Tulisubiri akohoe. Hakukohoa.

"Hii si sumu," akasema mwishowe. "Mutoto yangu, ingia uimbe."

Chema chajiuza. Siku ya mashindano kwaya nzima tulijipulizia, na Mwalimu pia, ingawa anakana mpaka leo. Ukumbi ulikuwa umefurika watu na joto. Kwaya ya Hima ilikuwa imeimba vizuri mno. Medius akasogea mbele, akaanza ubeti wake. Alipofika kwenye sauti ya juu kabisa, hakuna mtu aliyekuwa bado amekaa.

Tulitangazwa washindi. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na Enid ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia Medius. Mwalimu alipoitwa mbele kupokea kombe, hakulishika.

"Mupatie huyu," akasema mbele ya watu wote, akimwonyesha Medius. "Mimi nilitaka kumufukuza."