Jiko la Bibi Lilipogeuka Njia

Wiki iliyopita nilirudi Tabora, na bajaji ikanishusha mlangoni kabisa kwa marehemu bibi yangu, mtaani Ng'ambo. Dereva akasifu njia ilivyo pana, akasema serikali imefanya kazi. Nikacheka kwa hasira. Serikali gani, ndugu yangu?

Utotoni mwetu hapo palikuwa na kichochoro, uzio wa minyaa huku na huku. Ukikutana na mbuzi, mmoja wenu anarudi nyuma. Mgonjwa alibebwa kwa kitanda cha kamba hadi barabarani. Wanaume wetu walijisifu kuwa wao ni wajukuu wa wapagazi, mabega yao hayachoki. Kweli hayakuchoka, lakini mke wa fundi baiskeli, jirani yetu, alimpoteza mtoto wake wa kwanza juu ya kitanda hicho, gari likimsubiri kule mbele.

Aliposhika mimba ya pili, mjumbe akaitisha kikao: kila nyumba irudishe uzio nyuma, gari lipite kabla siku zake hazijatimia. Wote wakaitikia, na hakuna aliyekata hata tawi.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," bibi alinung'unika huku akisonga ugali.

Jiko lake la udongo ndilo lililoziba njia kuliko vyote. Asubuhi moja aliepua matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, akatugawia na karanga, kisha akashika jembe na kuanza kubomoa ukuta wa jiko. Fundi baiskeli akaja mbio.

"Shikamoo mama! Sasa utapikia wapi, na masika haya?"

"Marahaba. Kwani mkeo atajifungulia wapi?"

Fundi alichukua panga, akaanza na minyaa yake mwenyewe. Hadi adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unakata, utomvu ukituwasha macho, wakubwa wakitaniana kwa Kinyamwezi na togwa ikipita mkono kwa mkono. Nani angejifungia ndani wakati bibi kizee amevunja jiko lake?

Mtoto alizaliwa salama hospitalini. Bibi alipikia chini ya turubai masika yote, akikohoa moshi, na jiko jingine hakujenga, maana nafasi haikuwepo tena.

Wenzake aliokata nao karibu wote wametutoka, na naona uchungu kwamba hata hadithi yenyewe inakwenda nao. Sasa mwenye nyumba mgeni amemwaga matofali pembeni, anataka kusogeza ukuta wake njiani. Nilimfuata nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba hapo palikuwa na mafiga ya bibi yangu, na aliyang'oa kwa mkono wake ili mtu apite. Akaendelea kuhesabu matofali yake.

Matofali bado yapo. Nami sijaondoka.