Unga Sinunui

Mimi si mchoyo. Waulize wanaonijua hapa Butiama. Msiba ukitokea, mchango wangu unafika kabla ya mwenye kukusanya hajakaa. Vitenge vya sare ninavyo mpaka sanduku halifungi. Nikienda Musoma sibanani na watu, nakodi bajaji nzima, nakaa nyuma peke yangu na mkoba wangu, na dereva nikiona ana adabu namwambia chenji abaki nayo. Pesa ni yangu, nimeilimia, nitaitumia.

Lakini unga sinunui.

Kila mtu ana kitu chake ambacho mkono wake unagoma kukilipia. Kaka yangu wa Murangi ana mitumbwi yenye mashine. Akija mjini anakula hotelini, anawanunulia soda hata watu asiowajua. Kiberiti hanunui. Asubuhi utamwona na saa yake ya kung'aa mkononi anavuka uwanja kwenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Moto unaombwa, anasema, haununuliwi. Binti yangu wa Nyakato, ile ya Musoma mjini, anabadilisha simu kama watu wanavyobadilisha nguo, lakini mfuko wa kubebea nyanya hanunui ng'o. Atazifunga kwenye pindo la kanga, atembee hivyo na viatu vyake virefu. Mimi simcheki. Kila mtu na lake.

Langu ni unga. Mama yangu alikuwaga anasema nyumba inayonunua unga inakula kwa ruhusa ya mwenye duka. Akifunga duka, umelala njaa. Nimezaa, nimelea, nimezika mume, na sijawahi kumpa mgeni ugali wa unga wa duka. Kusaga nalipa, mashine ni ya mtu na inakunywa mafuta. Unga wenyewe unatoka mikononi mwangu, muhogo na mtama.

Mwaka juzi mjukuu wangu, mtoto wa huyo binti wa Nyakato, alipata mchumba wa Bunda, watu wa pamba na ng'ombe. Baba wa mjukuu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo wakwe walitakiwa kuja kwangu kumaliza maneno. Nikasema waje. Nilinunua dume la kuchinja, nikakodi turubai na viti vyenye vitambaa, nikaagiza soda na maji ya chupa. Binti yangu alipouliza kama turubai la kawaida lisingetosha, nilimwambia anyamaze.

Binti yangu na mjukuu walikuja mapema kunisaidia. Mjukuu amekulia mjini, ni mtoto msafi, anapenda kufagia. Kucha alikuwa ametengenezewa saluni, ndefu, nyekundu, zina vidoti vyeupe. Nikamwachia nyumba, nikaenda Musoma kumtafutia kitenge cha kuvaa siku hiyo. Nilichagua kizuri kuliko vyote dukani. Sikuomba kupunguziwa.

Niliporudi nilikuta uwanja umefagiwa mpaka unang'aa. Nikafurahi. Kisha nikatazama kona ya nyuma ya jiko, pale nilipokuwa nimevundika mihogo.

Asiyejua nimweleze. Ile mihogo yetu michungu unaimenya, unailundika, unaifunika kwa majani na gunia mpaka ilainike na kuota ukungu. Halafu unakwangua ule ukungu, unaivunjavunja, unaianika juu ya jabali mpaka ikauke kau. Huo ndio udaga, na ndio unga wetu. Ikiwa bado chini ya gunia ina harufu yake, na ule weusi unamtisha mgeni.

Pale kwenye kona palikuwa peupe.

"Mihogo yangu iko wapi?"

"Ile ya nyuma ya jiko?" Mjukuu alikuwa anatabasamu. "Bibi, ilikuwa imeoza, imeota mpaka manyoya. Nimeshakutupia. Nimemwagia na maji ya sabuni, inzi wasije."

"Umenitupia."

"Ndiyo, Bibi."

Nilikwenda mpaka kwenye shimo la taka nikachungulia. Ilikuwa humo, mihogo ya lundo zima, povu la sabuni juu yake. Na ghalani udaga wa zamani ulikuwa umekwisha, hilo ndilo lundo nililolitegemea. Wakwe walikuwa wanakuja mwisho wa wiki. Binti yangu akatoka ndani mbio, alishaelewa.

"Mama, usikasirike. Si tununue tu? Sembe imejaa dukani, nyeupe, nzuri."

"Tununue unga," nikasema. "Na mboga tununue. Halafu twende gulioni tununue na bibi harusi, huyu tumrudishe Nyakato akafagie."

"Mama, ni siku moja."

"Hiyo siku moja ndiyo wanayokuja kuitazama."

Maana wakwe wa huku hawaji kula nyama. Nyama kwao wanayo. Wanakuja kuona kama binti anatoka kwenye nyumba inayojilisha. Ugali unaletwa mzima, umelainishwa kama yai, na mama wa bwana harusi ndiye anayemega wa kwanza. Hasemi kitu. Maneno atayasema njiani, na yakishafika Bunda hayarudi. Binti atayakuta yanamsubiri mlangoni kwa mume wake, na atakaa nayo mpaka azeeke.

Mjukuu alianza kulia. Lakini hakuwa analilia mihogo.

"Bibi, kwa nini tusipike wali? Huo ugali wenu ni mweusi. Watasema tumewapa tope. Watanicheka."

"Wewe umeshawahi kuupika?"

"Hapana."

"Basi nyamaza juu ya kitu usichokijua."

Sikumpiga, sikumfukuza. Nilimpa kisu.

Shamba la chini nina mihogo mitamu, ile tunayotafuna mbichi. Hiyo haihitaji kuvundikwa. Ukiikata vipande vyembamba na jua likakusaidia, inakauka upesi. Unga wake hauna ile nguvu ya udaga, lakini ni unga wa nyumbani. Tuling'oa, tukabeba, tukakaa chini kumenya. Ukucha mmoja mwekundu ulivunjika, akautazama. Ukavunjika wa pili. Mama yake akasema pesa ya watu inakatika hiyo. Mtoto akasema, "Acha, Mama," na akaendelea kumenya.

Tukaanika kwenye jabali kubwa juu ya nyumba. Nikampa kazi ya kulinda, kwa sababu mbuzi wa jirani zangu hawana dini. Alikaa juu kule na fimbo mkono mmoja na simu mkono mwingine, nami nikiwa chini namsikia akiwatukana mbuzi kwa lugha ya mjini.

Siku ya pili kulikuwa na jua zuri asubuhi. Mimi na binti yangu tulikuwa kwenye turubai, tunabishana na mwenye viti, na mjukuu alikuwa amechukua kitenge chake kipya apande nacho kwenye mwamba ajipigie picha. Wingu likatoka ziwani. Mvua ya kwetu haibishi hodi. Tulisikia tu kishindo kwenye mabati. Nikakimbia, na mimi sikimbii siku hizi. Nikawa nasema moyoni, basi, kwisha, nitanunua. Nilikuwa nimeshajiona nimesimama mbele ya duka.

Nilipofika juu nilimkuta amepiga magoti. Vipande vyote alikuwa amevisukumia kwenye ufa mkavu chini ya jiwe linaloning'inia, na ule mlango wa ufa ameuziba kwa kitenge. Kile kitenge. Amekikunja, amekikandamiza kwa mawe pembeni, na mgongo wake ameuweka kwa nje kukinga. Nywele za saluni zimelala kichwani kama za kuku aliyeanguka kisimani.

"Bibi, haijalowa," akasema. Meno yalikuwa yanagongana. "Kidogo tu ya pembeni."

Nikatazama kitenge. Kilikuwa kimechubuka kwenye mawe na kimeshika tope.

"Nguo inafuliwa," nikamwambia.

Mimi si mtu wa kukumbatia watu mvuani. Lakini nilishuka ule mwamba taratibu, nikimtanguliza yeye mbele, na kifua changu kilikuwa kimejaa.

Jua lilirudi. Ilikauka. Tukaichanganya na mtama, mjukuu akaipeleka mashineni mwenyewe na ndoo kichwani.

Wakwe walikuja kama walivyoahidi, wazee na kina mama, mama wa bwana harusi mbele, mwanamke mnene mwenye macho ya kupima ng'ombe. Nyama ililetwa, kuku, sato kutoka Musoma. Kisha ugali. Niliusonga mimi, mjukuu ameshika sufuria. Ulikuwa wa rangi ya udongo mwekundu, laini, unatoa mvuke. Akauweka mbele ya mama mkwe wake akiwa amepiga magoti.

Yule mama akamega. Akaminya tonge kwa vidole, akalitazama, akala. Akamega tena.

"Huu unga mmenunua wapi?" akauliza.

Nilifungua mdomo, lakini mjukuu akanitangulia.

"Hatujanunua, Mama. Muhogo tunaumenya wenyewe."

"Tunaumenya, nani na nani?"

Mtoto akanyoosha mikono yake mbele yake, vile vidole, ukucha mmoja mrefu mwekundu umebaki na nyingine zote zimekatika. Kina mama wa Bunda wakaangua kicheko, na yule mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kila nyumba ninayokwenda wananipa wali," akamwambia mwenzake wa pembeni. "Wali, wali, kama mimi ni kasuku." Kisha akanigeukia. "Mkwe, huyu tunamchukua. Hata leo."

"Leo hapana," nikasema. "Vyombo bado hajaosha."

Siku ya harusi alivaa kile kitenge. Nilikifua mwenyewe. Alama ya jiwe haikutoka, iko karibu na pindo, na ukimwuliza anakuonyesha.

Sasa anakaa Nyakato na mume wake. Wana televisheni kubwa kama mlango, wana kochi la kuzamia, na kila Jumapili wanakula nje. Binti yangu anasema mtoto amekuwa mfujaji, amenirithi mimi. Nyuma ya jiko lake la kupanga, mahali pasipotosha hata kufuga bata, kuna gunia limefunikwa. Mihogo nampelekea mimi.

Juzi alinipigia simu, sauti iko juu.

"Bibi, leo kidogo nigombane na wifi yangu! Kaja kututembelea kutoka Mwanza, kafunua gunia langu, kaanza kupiga kelele eti kuna kitu kimeoza, anatafuta pa kukitupa!"

"Ukafanyaje?"

"Nimemnyang'anya! Bado siku moja tu ilainike. Nimemwambia akiigusa arudi kwao."

"Usimrudishe kwao," nikamwambia. "Mpe kisu."